Kambi Iliyoisha Kando ya Ziwa

Akaale alikuwa na maneno yake ya safari, na kila neno alilijua mahali pake. Basi likifika kwenye mawe meusi yaliyosimama wima njiani kwenda Kalokol, alisimulia habari za watu waliocheza ngoma hadi wakageuka mawe. Ziwa likitokeza mara ya kwanza, alinyamaza, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba wageni hupenda kulitazama bila kusemeshwa. Baadaye ndipo alipowaambia urefu wake na visiwa vyake. Kwenye ghuba ya Ferguson aliwaonyesha ndege, akawaonya kuhusu mamba. Kutoka hapo basi lilifuata ufuo kuelekea kusini, na kwa mwendo wa nusu saa hivi Akaale aliketi kimya kwenye kiti cha mbele.

"Hapa hakuna kitu," ndivyo alivyozoea kusema. "Pumzikeni. Mbele tutapanda kilima, mtakiona kisiwa vizuri."

Kazi hiyo ya kuongoza wageni hakuisomea. Alianza kwa kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni pale Lodwar. Siku moja wazungu wawili waliokuja kuchunguza ndege wakakosa mtu wa kuwapeleka ziwani, na tajiri wa nyumba akamwita Akaale kutoka kwenye karai la sabuni kwa kuwa alijua Kiswahili, Kiturkana na Kiingereza cha kuombea maji. Alirudi jioni na kofia aliyopewa zawadi. Tangu siku hiyo mashuka wakafua wengine.

Mjini walimjua kama binti wa wafugaji wa Kaaleng aliyesomeshwa na wamisheni. Ndivyo alivyowaambia, na hata binti zake wawili hivyo ndivyo walivyojua. Kaaleng ilikuwa kweli. Wamisheni haikuwa kweli.

Mwezi wa nane mwaka wa 1997 alijiwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Wahu, mtu wa Nyeri aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya elimu kule kambini Kakuma. Wahu alikuwa mwepesi wa maneno na mwenye haraka ya daima, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

"Nina walimu ishirini na sita," alisema kabla hata ya kukaa. "Wote wakimbizi. Kila muhula wanawafundisha watoto ramani ya Kenya, na ziwa hili lipo hapo juu limechorwa kwa chaki ya buluu. Hakuna hata mmoja aliyeliona. Nimewapatia vibali vya siku moja. Asubuhi tutoke, jioni turudi. Utatuongoza?"

Akaale alikubali, lakini moyoni alisitasita. Hakuwa mtu wa chuki. Ila alikuwa amesikia, na yeye mwenyewe alikuwa amesema mara nyingi pale kisimani, maneno ambayo Lodwar nzima ilikuwa ikiyasema: kwamba wale wa Kakuma wanaletewa chakula kwa malori, wanajengewa shule, wanachimbiwa visima, na mwenye nchi anasimama nje ya ua akiuza kuni. Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Wakati mwingine alijisikia akiyasema, akashangaa ukali wake ulitoka wapi.

Siku ya safari basi liliingia Lodwar saa mbili na nusu, limechelewa. Lilikuwa basi la shule lililoazimwa, la manjano, na dereva wake alikuwa Aukot, mtu mzito wa hapo hapo Turkana aliyeongea kwa nadra. Walimu walikuwa wameamka saa tisa za usiku na bado walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda arusini: mashati yaliyopigwa pasi, tai, na wanawake wenye vitambaa vipya vichwani. Kiti cha mbele, karibu na Akaale, alikaa mama mrefu wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa na daftari mapajani na kalamu mbili nyweleni.

"Ejok," alisalimia yule mama.

"Ejok," Akaale akaitikia, akashangaa kidogo. "Unajua Kiturkana?"

"Hiyo moja tu, na ya kuuliza bei ya kuni." Alicheka. "Mimi naitwa Nyadak. Nafundisha darasa la sita. Leo mimi ni mwanafunzi, nitaandika kila kitu unasema, ukikosea watoto watakukamata."

Akaale akatabasamu bila kupenda.

Njia ilikwenda vizuri. Kwenye mawe yaliyosimama alisimulia hadithi yake: watu walikuwa wakicheza, akapita mgeni wa ajabu, akawaambia wasimcheke, wakamcheka. Kwa kawaida wageni walipiga picha wakaondoka. Walimu hawa walibishana. Mmoja aliyeitwa Gervais, aliyefika Kakuma mwaka huo huo akitoka Bukavu, alitaka kujua mgeni mwenyewe alikwenda wapi baada ya hapo.

"Hadithi haisemi," Akaale akajibu.

"Ndiyo shida ya hadithi," Gervais akasema. "Wenye kubaki wanaisimulia. Mwenye kupita hawamuulizi."

Nyadak akaandika.

Ziwa lilipojitokeza, kijani kibichi chini ya vilima vikavu, basi zima lilinyamaza. Kisha nyuma mtu akaanza wimbo wa kanisani kwa Kidinka, na waliojua wakaitikia. Akaale aliwaacha waimbe. Pale ghubani waliteremka wote. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanawake walikuwa wakipasua sangara wakubwa na kuwaanika, na ndege mwari walikuwa wakitembea kati yao kama wenye mali. Walimu walivua viatu wakaingia maji ya vifundoni, tai zao zikipepea. Gervais alichota maji kiganjani, akaonja, akatema.

"Kwetu ziwa iko tamu!" akalalamika. "Hii mama, mumetia chumvi?"

Wavuvi walicheka, hata Aukot akacheka. Jok, kijana kuliko walimu wote, alikuwa amekuja na kamera ya kuazima yenye picha kumi na mbili. Kila mara alihesabu zilizobaki, na alisema tano ameziweka kwa ajili ya kisiwa.

Saa sita basi likashika njia ya kusini. Akaale akaketi, akasema maneno yake: "Hapa hakuna kitu. Pumzikeni."

Hawakwenda dakika kumi na tano. Upepo wa usiku ulikuwa umeleta mchanga mpya juu ya njia, na gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Aukot alizima injini, akashuka, akatazama, akasema neno moja tu: "Chini."

Wote wakashuka. Wanaume wakaanza kuchimba kwa sufuria na mikono, wengine wakatumwa kukata majani ya mikoma, ile mitende ya huku, ya kutandika chini ya magurudumu. Akaale alisimama kando, mgongo akiwa ameuelekeza barani na macho ziwani. Alijua vizuri wamekwama wapi. Katika maili zote za ufuo ule, basi lilikuwa limechagua hapo.

"Dada," Nyadak akamwita kutoka nyuma. "Hapa palikuwa na nini?"

Akageuka. Nyadak alikuwa amesimama hatua chache upande wa bara, juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka. Kutoka kwenye sakafu ile kulitoka mistari miwili ya mawe yaliyopangwa, mirefu, ikienda sambamba hadi kupotea mchangani.

"Zizi la zamani," Akaale akasema.

Nyadak aliitazama ile mistari, akaitembea kidogo katikati, mikono ikiwa pembeni mwa mwili kwa jinsi nafasi ilivyokuwa nyembamba. Alipozungumza alizungumza taratibu, kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake.

"Malesh, dada, unisamehe. Zizi mimi najua, baba yangu alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe hapiti hapa. Hapa anapita mtu mmoja mmoja. Anaingia hapa na kadi, kadi inatobolewa, anasimama pale kwa mahindi, anasogea pale kwa mafuta, anatoka upande ule. Mimi nimesimama kwa mistari kama hii miaka tisa. Itang kule Ethiopia, halafu njiani, halafu Kakuma." Akaigusa saruji kwa kidole cha mguu. "Hii ilikuwa stoo."

Walimu wengine walikuwa wamesogea. Mmoja akasema, "Kweli kabisa, ni stoo, tazama mlango uko wapi." Mwingine akajipanga kwenye mstari kwa mzaha, akanyoosha mkono kama mwenye kadi. Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu wanaojua wanachokicheka. Akaale hakucheka. Nyadak alimwona.

"Watu wake walikwenda wapi?" akauliza.

Miaka kumi na kitu Akaale alikuwa amepita hapo au karibu na hapo. Alikuwa amepapita na wazungu, na maofisa wa serikali, na masista, na wanafunzi wa chuo. Hakuna aliyewahi kuyaona mawe. Alifungua kinywa aseme hajui. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Mimi ni mmoja wao."

Kule kwenye basi sufuria ya Aukot ilikuwa ikikwaruza mchanga.

"Mwaka wa themanini," akaendelea. "Mvua ilikuwa imekataa, na ugonjwa ukamaliza mbuzi. Tulikuwa na ngamia kumi na mmoja, baba akabaki na wawili, akaenda nao kutafuta majani, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulitembea na mama siku tisa kuja hapa kwa sababu tulisikia kuna malori. Paliitwa Kambi ya Mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa ya manjano, hatujawahi kuyaona. Mama alidhani ni dawa."

"Ya manjano," Nyadak akasema polepole. "Hata sisi."

"Tulikuwa wengi, hadi kule kwenye mikoma. Mtu aliyetoka hapa walimwita mtu wa mahindi. Ukienda Lodwar ukisema umetoka hapa, wanakutazama mikono kama mtu mwenye ukoma, kwa sababu Mturkana asiye na mnyama ni nani? Basi mimi nikasema nimesomeshwa na wamisheni. Nilisomeshwa pale." Akanyoosha kidole kwenye uwanda mtupu. "Chini ya hema. Kiswahili hiki ninachowaongoza nacho nilikipata pale."

Alisubiri waseme pole. Ndivyo alivyoogopa miaka yote hiyo, ile pole ya watu na macho yanayoifuata. Lakini Gervais, aliyekuwa amesimama na majani ya mikoma begani, alisahau kuyaweka chini.

"Mama," akasema, "iliisha namna gani?"

"Nini?"

"Kambi. Hii kambi iliisha. Sisi hatujaona kambi yenye kuisha. Tunaona yenye kuanza, na yenye kufukuzwa. Hii yenu iliisha namna gani?"

Akaale akawatazama. Walikuwa wamemzunguka wote, ishirini na sita, Wahu pia na saa yake mkononi, na walikuwa wakimsikiliza kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza akieleza urefu wa ziwa wala umri wa mawe. Nyadak alikuwa na kalamu, lakini hakuwa akiandika. Akaale hakuwahi kujiuliza swali hilo. Kwake kambi ile ilikuwa aibu, na nani hukaa akafikiri jinsi aibu ilivyoisha? Unaifunika tu.

"Hakuna aliyetangaza," akasema mwishowe, akitafuta. "Hapakuwa na siku. Mvua ilinyesha kidogo, watu wachache wakaondoka usiku, tukawaona wajinga. Wengine wakapewa mbuzi wawili watatu, wakaenda. Wengine wakajifunza nyavu, wakabaki ziwani, wale mliowaona ghubani ni watoto wao. Malori yakawa yanakuja mara moja kwa mwezi, halafu hatujui lini. Asubuhi moja niliamka nikaona hema la jirani halipo, na la jirani yake halipo, na sauti zimepungua. Nilidhani siku ya kutoka nitafurahi. Nikaogopa. Nilikuwa nimezoea kengele ya kuita chakula. Nje ya hapa, nani atapiga kengele?"

"Ukafanya nini?" Nyadak akauliza.

"Nikafunga blanketi nikatembea Lodwar. Nikafua nguo za watu."

"Na mama?"

Akaale alielekeza kidevu barani, kwenye mwinuko mdogo wa changarawe. "Mama alibaki. Kipindupindu. Anaitwa Nakal." Alisema anaitwa, si aliitwa, na hakujisahihisha.

Injini ikaunguruma. Aukot alikuwa amelitoa basi, akapiga honi. Wahu alitazama saa akauma mdomo.

"Walimu, lazima tuwe Kakuma kabla ya giza, askari wa kutusindikiza hawatangoja. Muda uliobaki unatosha kitu kimoja. Ama tupande kilima tuone kisiwa, ama..." Hakumaliza. Alimtazama Akaale. "Wewe ndiye kiongozi. Sema."

"Mmekuja kuona ziwa," Akaale akasema. "Twende kilimani."

"Dada Akaale," Nyadak akasema, "kisiwa hakiendi popote."

Jok aligeuka ghafla. "Wenye kutaka kisiwa je? Mimi nimeweka picha tano! Makaburi tunayo Kakuma."

Alikuwa na haki yake, na hakuna aliyemkemea. Kura ikapigwa kwa mikono pale pale, kishule. Kumi na tisa walisema wabaki, saba kisiwa. Jok alikwenda kukaa ndani ya basi, akafunga dirisha kwa kishindo.

Akaale akapanda mwinuko, nao wakamfuata. Hakuwa amefika pale tangu alipoondoka. Akilini mwake alikuwa akipaona wazi: mgunga mmoja uliopinda, rundo la mawe kushoto kwake, ziwa likiwa karibu hivi kwamba usiku wa maziko walisikia maji. Alipofika juu, mgunga haukuwepo. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma mbali sana, mstari mwembamba wa kijani. Na marundo ya mawe yalikuwa mengi, makumi, mengine yametawanywa na fisi na upepo, yote yakifanana. Alikwenda kwenye moja, akarudi, akaenda kwenye jingine. Alipiga magoti akalisogeza jiwe kana kwamba chini yake kungekuwa na jina.

"Sioni," akasema. Alisema kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili. "Sioni ni lipi."

Walimu walisimama mbali kidogo, vitambaa vikipigwa na upepo. Nyadak ndiye aliyekuja. Hakumshika, alichuchumaa tu kando yake, magoti yake marefu yakifika kifuani.

"Mimi mtoto wangu wa pili najua kaburi lake kabisa," akasema. "Chini ya mti gani, jiwe gani. Naweza kukuchorea. Lakini iko ng'ambo ya mpaka, siwezi kufika. Wewe umefika na huoni. Sijui ni nani bora."

Akaale alilia hapo, kwa mara ya kwanza katika mambo hayo yote. Nyadak hakumwambia anyamaze. Baadaye Akaale alipangusa uso kwa ncha ya leso, akasimama, akasema kwa sauti, marundo yote yasikie: "Mama, ni Akaale. Nimekuja na watu." Hakujua aongeze nini. Wakashuka.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kawaida tu. Watu walilala, vichwa vikigongana na vioo. Lodwar walipomteremsha, Jok alishuka nyuma yake, akasema bila kumtazama kwamba picha mbili amezipiga kutoka dirishani, watu wakiwa juu ya mwinuko, na zikitoka atamletea. Hakuomba radhi kwa maneno mengine zaidi ya hayo, na yalitosha.

Usiku ule Akaale hakuwaambia binti zake kitu. Ilimchukua wiki tatu. Alipowaambia, mkubwa aliuliza swali moja tu: kwa nini basi tunawasema vibaya watu wa Kakuma? Akaale alijibu kwamba hajui, kisha akasema anajua, lakini ni vigumu kueleza. Tangu hapo maneno ya kisimani aliwaachia wengine. Wakati mwingine alibaki kimya yakisemwa, na hilo pia lilimkera, kwa sababu alijua kimya si jibu.

Kazini alibadilisha kitu kimoja. Basi likifika pale kusini mwa ghuba, hakuketi. Alisimama, akamwomba dereva apunguze mwendo, akasema, "Hapa palikuwa na kambi ya njaa, mimi nilikaa humu." Tajiri wa nyumba ya wageni alimwita akalalamika kwamba watu wanakuja kutazama ziwa, hawakuja kutazama dhiki. Akaale akamwambia ziwa lenyewe lilikuwa hapo hapo, likitazama. Wageni wengine walishuka, wengine walisinzia. Hakuwalaumu waliosinzia.

Mwisho wa mwaka ule zilinyesha mvua ambazo watu hawajawahi kuziona, mito ikakata barabara, na hakuna basi lililotoka Lodwar kwa wiki nyingi. Ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alipopata gari la kumfikisha Kakuma, kwa mwaliko wa Nyadak. Alipita malangoni, akaona wanawake wa kwao wamekaa na mizigo ya kuni, akawasalimia, akaingia. Darasa la sita lilikuwa na kuta za udongo na wanafunzi tisini na wawili, wamebanana kwenye madawati ya magogo. Nyadak alikuwa ameandika ubaoni: *Mgeni wetu atatueleza jinsi kambi inavyoisha.*

Akaeleza. Walimsikiliza, kisha maswali yakamwagika. Mahindi yenu yalikuwa na wadudu? Yalikuwa nao, akasema, na darasa zima likashangilia. Kadi ikipotea mlifanya nini? Mpira mlikuwa nao? Msichana mmoja wa nyuma, Athieng, alisimama akauliza nani alikuwa wa mwisho kutoka.

"Sijui," Akaale akasema. "Mimi nilitoka kabla."

Hilo likazua ugomvi. Mvulana wa mbele alisema yeye atakuwa wa kwanza kutoka Kakuma, alfajiri, kabla mtu hajaamka. Mwingine akasema huo ni ujinga, yeye atabaki wa mwisho kabisa ili achukue milingoti ya goli, kwa kuwa hakutakuwa na mtu wa kumzuia. Nani atakusaidia kuibeba, wakamuuliza. Wakaanza kujigawa, nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani abebe ubao, sauti zikipanda hadi darasa la jirani wakachungulia dirishani. Nyadak akagonga ukuta kwa kipande cha chaki, akawaambia wakae, somo halijaisha.